Barakoa Mbili

Saa kumi na mbili asubuhi, Lublin. Theluji ya Machi
haijui ianguke ama iache.
Nafungua chumba cha mionzi, naiwasha mashine,
inakohoa kidogo, inatulia.
Hapa ikikohoa mashine hakuna anayeruka nyuma.

Jana tulikuwa saba. Usiku Bogumił kapatwa na homa,
na waliokula naye supu wamefungiwa makwao.
Tumebaki watatu, na orodha ya watu arobaini na mmoja.
Wasemao subira huvuta heri
hawajauona uvimbe ukihesabu siku.

Daktari Sulima ana kalamu nyekundu:
huyu wa tezi dume atangoja hadi Juni,
yule wa titi, mara kumi na tano ziwe tano,
huyu wa koo, hapana.
Huyu wa koo hata kesho ni mbali.
Anaandika, anafuta. Penye jina moja karatasi imetoboka.

Wa koo ni Bwana Zenobiusz.
Mabasi ya kijijini kwake yamesimama,
analetwa na gari la zimamoto, bila king'ora.
Namvua barakoa ya kitambaa, namvika ya plastiki,
ile iliyofinyangwa juu ya uso wake,
namfunga nayo kitandani: tak, tak, tak.
"Wavu naujua," anasema kabla ya tak ya mwisho,
"mimi mfuga nyuki."

Natoka. Mlango mzito unajifunga.
Dakika nne. Kwenye skrini
kidole gumba kinasogea: nipo.
Kisha kufuta kitanda, kufuta kitasa,
kufuta hata pasipoguswa na mtu,
robo saa feni inyonye pumzi yake,
anayefuata.

Siku ya ishirini alikohoa.
Wakampima pua, tukangoja saa sita
tukimkwepa kwa macho.
Hana.
Tukamlaza saa tatu usiku, mimi na njaa yangu.

Mara ya thelathini na tatu, ya mwisho, akaniambia:
"Uso wangu unao wewe, rafuni, na jina juu yake.
Wako sijauona."

Nikamfuata uani. Hatua ishirini toka gari la zimamoto
nikaishusha barakoa. Baridi ikanipiga mdomoni.
Akanitazama kama anavyoufunua mzinga
baada ya majira ya theluji, aone kama kuna kilichobaki.

"Nilidhani una kidevu kikubwa," akasema.

Nikaipandisha.
Ndani, wa saa nne alishavua koti.