Siku ya Tatu

Kazi yangu ni kulisha seli.
Wengine hapa Gdańsk hulisha njiwa, au mama zao;
mimi hupanda ghorofa ya tano saa nne za usiku,
nikakung'uta theluji, nikavaa glavu,
nikafungua kabati lenye joto la mwili
nizipe chakula chekundu, tone kwa tone.
Hazijui kwamba mwenye mwili hayupo.

Namba Kumi na Saba: uboho wa nyonga, vijiko viwili.
Jina wamelifuta. Kwenye fomu, penye "kazi",
kalamu nzito imeandika: Nilichomelea meli.
Basi. Ndilo nililopewa.

Kisahani kina dari na sakafu.
Darini nimeweka seli shina za uboho wake,
zile ambazo bado hazijaamua
ziwe mfupa, ziwe mafuta, au ziwe gegedu.
Sakafuni, saratani ya tezi dume, na si yake:
ni ya mtu aliyekufa kabla sijazaliwa
na bado inakula.
Katikati, utando wenye vitundu
visivyopitisha seli. Maji tu hupita,
na lolote lililosemwa ndani ya maji.

Dokta Radosława ana orodha ya protini
ndefu kama risiti ya Krismasi.
Mimi nijuacho ni hiki: mfupa una ukarimu.
Saratani huiacha tezi, hushika njia ya damu,
hulipita ini, huyapita mapafu bila hodi,
ikifika ubohoni husikia, Karibu.
Mgeni siku mbili.
Ya tatu hupewa jembe.

Nimeona sahani kumi na sita zikitoa jembe.
Kumi na Saba, hapana.
Siku ya tatu: wamelala. Ya tano: wamelala.
Si wafu, maana nilitia rangi ya uhai waking'aa kijani;
wamejikunyata tu, kama abiria wa treni ya alfajiri.
Nikampigia Radosława, akaja na ndara za nyumbani,
akainama kwenye darubini mpaka chai ikapoa.
"Rudia," akasema.
Nikarudia. Wakalala.

Nikaanza kuwachungulia wazee kwenye tramu.
Huyu aliyeshika kiuno?
Yule mwenye makovu ya cheche mikononi?
Nilitaka kumwambia mmoja wao, yeyote:
nyongani mwako mna neno linalolaza.
Hatulijui. Lakini ni lako.

Mwaka ukapita, ikaja chupa ya pili.
Namba ile ile, mwandiko ule ule, ila umelegea:
Nilichomelea meli. Sasa nalea paka.

Nikaweka dari, nikaweka sakafu.
Siku mbili walilala.

Ya tatu sikuhitaji darubini.
Maji mekundu yalikwisha kuwa manjano,
ndivyo yageukavyo sakafu inapokula sana.
Uboho ule ule, nyonga ile ile.
Ni uzee? Ni dawa? Au mgeni mwingine, aliye mwilini mwake,
amekaa mwaka mzima akimfundisha mwenyeji
mahali jembe linapowekwa?

Nikaandika daftarini: 17, chupa ya pili. Wameamka.
Halafu, kwa kuwa zamu ilikuwa yangu
na hapakuwa na mwingine,
nikawalisha,
wa darini na wa sakafuni.