Miezi Mitatu

Daktari wa Kitete hakusema hameni.
Alisema tu, akifuta miwani kwa pindo la koti,
kwamba kifua cha Kasanda hakipatani na vumbi la tumbaku.
Na mikono yangu, hata niisugue kwa majivu,
inanuka ghala.
Kazi iliyomlisha ndiyo iliyomkohoza.

Tukapanda treni Tabora, watatu na ndoo moja ya nguo,
Milembe na daftari lake la hesabu
alilolipindua akaanzia nyuma:
MAJI. SHULE. MAMBA. KODI.
Hayo manne nilimtajia mimi.
La tano aliandika mwenyewe, akalifunika kwa kiganja.

Kigoma mjini kodi ilitupandisha, ikatushusha, ikageuza uso.
Ujiji tulipapenda, ila dirisha lilitazama ukuta,
na mimi nilifuata upepo.
Mwamgongo hakuna barabara;
mlima umeusukuma mji hadi ukingoni
kama mtoto anayelala kitanda kimoja na ndugu wanne.
Nikawaza: kifua kikibana usiku wa manane,
boti itaondoka saa ngapi?
Milembe akapiga mstari.
Ilagala mihogo tele, watu wakarimu,
lakini tulipouliza lile la tatu
mwenye nyumba alicheka kwanza, ndipo akajibu.
Milembe akapiga mistari miwili.

Siku ya sita, kusini, kamji kasiko na stendi.
Gari lilitushusha palipoishia hamu ya dereva.
Dagaa walikuwa wameanikwa mpaka mlangoni mwa zahanati,
na mwanamke aitwaye Mwavita binti Feruzi
hakutuonyesha chumba.
Alituonyesha ziwa.

"Mnauona ule mti mkavu, umesimama majini?
Ulikuwa uani kwangu. Nilifungia kamba ya nguo.
Ziwa lilipopanda halikubisha hodi.
Wewe mdogo, hapo uliposimama ni sebuleni."

Mwanangu akatazama miguu yake,
maji yamemfika magotini,
akasogea hatua mbili, polepole,
kama mgeni aliyegundua kakanyaga mkeka na viatu.
"Na hapa?"
"Jikoni."
"Na hapa?"
"Hapo nilimzaa Sudi."
Akaondoka hapo upesi.

Nimepanga vyumba saba maishani.
Wenye nyumba walinionyesha bati, kitasa, bomba
lililotoa maji siku ile tu.
Hakuna aliyenionyesha alichopoteza
kabla ya kutaja bei.

Chumba chenyewe kiko juu, kwenye mteremko,
sakafu ina ufa, choo ni cha watu wote.
Usiku haukuwa na mwezi, na taa za wavuvi
zikajipanga majini toka huku hadi kule.
"Mama, ule ni mji gani?"
"Si mji. Ni watu wako kazini."
"Hata hivyo," Milembe akasema, "tungehamia ule."

Wakalala. Mimi nikakesha nikihesabu.
Saa sita. Saa saba.
Nilikisubiri kikohozi kama mke amsubiriye mume mlevi:
hutaki aje,
wala usingizi huupati kabla hajaja.
Saa nane.
Hakikuja.
Au kilikuja nimeshalala, sijui,
usiku mmoja si ushahidi.

Alfajiri nikalifungua daftari, nikaiba lile la tano:
MTU WA KUCHEZA NAYE.
Hakuna mstari. Hakuna vema.
Pembeni, kwa penseli, hafifu: *Kasanda hahesabiki.*
Nikalirudisha chini ya mto kama nilivyolikuta.

Mwavita alitaka kodi ya miezi sita.
Nikampa ya mitatu.
Akazihesabu noti, akasita, akazinusa.
"Tumbaku," akasema.
"Itatoka," nikasema.
Akazifunga kwenye pindo la kanga,
akaita, "Sudi! Njoo uwaonyeshe kisima,"
na Milembe, ambaye hakuwa na kiu,
alikuwa wa kwanza kuibeba ndoo.