Fundi wa Ghorofa ya Chini

Kila Jumamosi, saa tisa, dari hunimwagia vumbi.
Kwanza punje mbili tatu juu ya poplini,
kisha visigino ishirini na viwili vinashuka pamoja
na chokaa ya zama za pamba inaangukia chai yangu.

Siku moja nilipanda ngazi na ugomvi mdomoni.
Mlangoni, ndara, sandali, raba za shule ya serikali.
Ndani, Bi Thenmozhi kaketi chini,
anagonga kwa fimbo kipande cha mvule:
tei ya tei, tei ya tei.
Njuga hawajapewa. Mwaka wa kwanza, anasema,
mguu utafute sauti yake wenyewe.
Akaitazama futi iliyoning'inia shingoni mwangu.
"Wewe ni fundi?"

Ndipo nilipojua kuna nguo
isiyopimwa mtu akiwa wima.
Magoti yafunguke, kiuno kishuke, mgongo ukatae,
ndipo marinda ya mbele yakunjuke
kama kitabu kilichoachwa penye upepo.
Nilikosea mara tatu. Hariri haisamehe mkasi.

Nimempima Hetal wa duka la misumari;
nyanya yake aliondoka Jinja mwaka wa sabini na mbili
na sanduku moja, akarudi bila hata hilo.
Nimempima Waiswa, ambaye pacha wake
humngoja ngazini na mpira, amenuna.
Na Sivaranjani, wiki ya pili tangu ashuke Entebe,
baba mhasibu wa kiwanda cha sukari,
asiyesema na mtu ila kwa vidole:
ua, samaki, nyuki, njoo.
Naigaga alidhani "njoo" ni "nipe",
akamkatia nusu ya chapati.
Wakala.

Mama zao hungoja kwangu.
Kigujarati hakijui Kitamil, Kitamil hakijui Kisoga,
basi huulizana kwa Kiswahili cha sokoni
bei ya mchele, homa ya mtoto,
nani ana chumba cha kupangisha.
Benchi lilikuwa la wateja. Nimeongeza la pili.

Mimi Mnubi. Babu wa babu yangu aliletwa huku
na bunduki isiyokuwa yake,
na hadi leo karani hunyanyua kalamu: kwenu hasa ni wapi?
Mama hakuwahi kumjibu karani.
Alicheza doluka kwenye kila arusi ya mtaa
mpaka majirani wakajua pa kupiga makofi.
Kwa hiyo mguu unaoiuliza sakafu "nikae?"
mimi naufahamu.

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika.
Muziki ukafa katikati ya neno.
Bi Thenmozhi alikuwa na mafua, sauti imekauka;
nilisikia fimbo ikibadili mkono,
ikisita,
kisha Naigaga akihesabu, kwa Kisoga,
na visigino vyote vikamfuata.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga.
Sijui mguu wangu uliingia saa ngapi.
Nilipotazama, nilikuwa nimeshona mkono wa blauzi ya mteja
ukafungika mdomo kabisa.
Nitaufumua Jumatatu.