Megabaiti Kumi na Sita

Andati, umesema megabaiti kumi na sita,
zaidi ya hapo mtandao wa kambi yenu hukohoa na kukata.
Mimi nina dakika nne za nyumba yako mpya,
gigabaiti mbili unusu,
na usiku mmoja hapa Luanda ya Bunyore, juu ya duka la mbolea,
feni ya kompyuta ikilia kama kinu cha posho.

Nilianza kwa kubana tu, bila adabu.
Mabati yakashika jua yakavunjika vipande,
mikaratusi nyuma ya choo ikawa povu la kijani,
na mama yako Truphosa akisema "mwanangu"
neno likatangulia, mdomo ukafuata,
shavu likapasuka miraba miraba
kama sakafu ya benki.
Nikafuta.

Wapima mahindi wa soko hili wanajua:
gorogoro ni ile ile,
lakini kuna mkono unaoitikisa punje zikae vizuri
na kuna mkono uliokwisha kuibonyeza kitako.
Mimi nataka kutikisa.

Basi nikaipitisha mara ya kwanza bila kuandika chochote,
mashine ikihesabu: hapa pagumu, hapa pepesi.
Ukuta ni rahisi. Ukuta husema mara moja,
kisha fremu mia mbili zinazofuata huitikia:
kama awali, kama awali.
Ghali ni mvua.
Ilikuja dakika ya pili, ile ya kwetu isiyobisha hodi,
na kila tone linadai liandikwe kwa jina.
Na majani.
Na kuku wa Nerea anayekimbia bila sababu.
Nikapunguza picha hadi nusu,
nikang'oa fremu moja katika kila mbili,
sauti nikaikaza pia; wanakwaya wanisamehe.

Kuna kitufe cha kusafisha chembechembe.
Nilikibonyeza, mama yako akawa na miaka thelathini.
Mashine ilidhani makunyanzi ni uchafu,
ikapangusa na lile kovu juu ya jicho,
la kifuniko cha sufuria, ulilomwachia wewe,
aliniambia huku akicheka, siku ulipokataa uji.
Nikazirudisha chembe, si zote.
Afadhali uso wenye vumbi lake
kuliko uso uliopigwa pasi.

Nikamzungushia duara: biti zimiminwe hapa.
Mikaratusi ikalipa.
Mvua ikalipa, ikabaki ukungu.
Saa tisa usiku: kumi na tano nukta tisa.
Nikakutumia, nikalala na viatu.

Asubuhi umepiga. Kovu umeliona.
Umehesabu mabati, umemcheka kuku.
Kisha ukauliza, polepole, kama anayepapasa kibiriti gizani:
"Na hilo doa kando ya mlango?
Plasta haikukauka?"

Nimefungua faili la asili.

Ni baba yako.
Koti la kijivu, ukuta wa kijivu, kivuli cha mabati mapya.
Dakika nne nzima Mzee Eshikumo hakusogea,
hata mama alipomgeukia aseme neno.
Na mashine hailipii kisichosogea,
wala kilicho gizani haikitazami mara mbili.
Fremu baada ya fremu imeandika kama awali,
kama awali,
hadi akawa sehemu ya nyumba.

Na mimi duara langu lilikuwa moja.

Sikukujibu habari ya plasta.
Nimekata picha moja, isiyotembea,
kilobaiti mia nne,
nimekiinua kivuli kidogo, kidogo tu,
kisije kikamgeuza jivu.
Itakufikia kabla ya zamu yako.
Ikuze kwa vidole viwili, taratibu,
shuka na mkono wa kulia wa koti
mpaka uone alichoshika:
msumari mmoja wa mabati,
uliobaki.