Usiku wa Tano, Plovdiv

Theluji imeziba kijia cha uani.
Izidor anaikwangua kwa koleo la makaa,
akilaani kwa Kibulgaria, akiomba radhi kwa Kiladino,
maana mlango wa sinagogi, asema, una masikio.

Tuko kumi na wanane, na mtoto mmoja.
Hita imegoma tangu Jumanne.
Bi Vintura kaleta maandazi ya asali, yeye huyaita bimuelo,
sufuria kaifunga kwa shali ya marehemu mumewe;
yamefika yana joto kutushinda sisi.

Solchi ndiye wa kuwasha.
Mishumaa mitano imesimama, inangoja,
na wa sita, mtumishi, hauhesabiwi:
kazi yake kuinama.
Wa leo kwanza, kisha wa jana.
Wa juzi unakataa, utambi umelowa,
nasi tuliokuja hatusemezani
kwa ajili ya ile bili ya paa
tunabana pumzi pamoja, tusije tukauzima.

Umeshika.

Mama alizoea kusema, moto ndiyo mali pekee
unayomgawia jirani ukabaki nayo yote.
Nilidhani ni maneno ya jikoni.

Izidor anamsogezea Nissim sahani.
Nissim anachukua moja, halafu la pili,
asali inamtiririka hadi kwenye saa.
“Paa,” anasema, akilamba kidole,
“tutagombana kesho.”

Dirishani ndimi sita zinacheza.
Nje, theluji inakijaza tena kijia,
na hakuna anayetafuta koti lake.