Kidonge Kisicho na Jina

Shati juu ya msumari, ubavu wa kushoto chini.
Jeli ni baridi kama sakafu ya msikiti alfajiri.
Bi Rukia Bwanaheri, mtafiti, asukuma kidude
chini ya titi langu, na moyo wangu watokea kiooni:
mweusi, mnene, umekunja ngumi.

"Ukuta huu," asema, "milimita ishirini na mbili."
Mimi fundi wa mabomba, Majengo yote yanijua,
nimezibua mifereji iliyoganda chumvi ya visima.
Bomba likisongwa shingoni
maji hayanyamazi, hupiga kelele.
Hebu sikiza: fyuu, fyuu, fyuu.
Damu yangu hiyo, yagombea mlango.

Baba alianguka kwenye ngazi za Kibokoni
na gunia la mchele begani;
watu wakasema hasadi.
Kaka yangu Mbwana alianguka dakika ya sabini, Tononoka,
mpira ukiwa mbali naye kabisa;
watu wakasema jini. Mama akanunua ubani.
Hakuna aliyetaja unene.
Hakuna aliyetaja urithi,
ila siku ya kugawana nyumba.

"Vuta pumzi. Zuia. Kaza tumbo."
Siku ya kwanza nilikaza, nambari ikapanda themanini na moja.
Akaandika. Hakuniambia kama ni nyingi.

Wiki ya kumi na sita hii nameza kidonge cheupe.
Huenda ni dawa. Huenda ni unga tu, wa kulinganishia.
Yeye hajui, mimi sijui;
ajuaye ni bahasha iliyofungwa kabatini Nairobi.
Kila asubuhi nakiuliza kiganjani: we, u nani?
Kisha napanda ngazi nikihesabu.
Juzi nilisimama ya tisa, jana ya kumi na nne.
Kumi na nne! Lakini jana kulikuwa na upepo.

Leo, kaza tena. Hamsini na sita.
Bi Rukia aitazama nambari, kalamu imesita.
"Moja haitoshi," asema. "Tuna watu tisini."
Sawa. Lakini ile fyuu imelainika, nimeisikia,
masikio haya yamelalia mabomba miaka ishirini.

Nje, kwenye benchi, Nasra wangu wa miaka kumi na mmoja,
pamba imebandikwa mkononi alipotolewa damu.
"Majibu lini?"
Mwezi ujao.
"Basi nikimbie nikakungoje getini?"
Tembea, namwambia.
Leo tembea tu.