Herufi Nne

Niigata. Theluji imeziba nusu ya dirisha.
Miguu chini ya meza ya joto, nawasha mchezo
uliopigwa msasa upya.

Lo, mwenye gesti ana kope!
Zamani alikuwa vidoto kumi na viwili vya kahawia,
na sura nilimpa mimi: ya babu.
Sasa ni mtu baki.

Maji yanameta hadi yanachosha.
Ila mlango wa pango unakwaruza vilevile,
na sanduku lingali nyuma ya maporomoko,
palepale aliponionyesha kaka.

Wanataka jina la shujaa.
Enzi zile nafasi zilikuwa nne;
kaka Rinnosuke aliokoa dunia
akiitwa Rinnosu.

Leo jina zima linaenea.
Naandika Rinnosu.
Mashine yauliza: una hakika?

Nina hakika.